Snowman wa Gunia: Krisi Hii Kitale na Bungoma, Usinunue Takataka

Desemba imefika na ile story ya kila mwaka imerudi. Unafungua simu, unapata video ya mtu anakuonyesha vile unaweza kutengeneza mtu wa theluji, yaani snowman, na "vitu za nyumbani." Chupa tano za plastiki, pamba pakiti mbili, gundi ya moto, rangi nyeupe, ribeni nyekundu na zile unga za kumetameta. Sasa niambie, manze, ni nyumba gani huko kwenu iko na gundi ya moto na ribeni mita tatu zimekaa tu zikingoja kazi?

Hii story inaonekana ya mapambo, lakini ukiiangalia poa ni ya pesa na ya takataka. Na kwa sisi wa hii line ya Kitale mpaka Bungoma, ni story ya mahindi pia. Point yangu ni moja na naisema mapema ndio usichoke njiani: snowman wa maana ni yule umetengeneza na kitu ambacho hakuna mtu ananunua, na ambaye Januari unaweza kumfungua na kila kitu kikarudi mahali pake. Ukitoka hapo, umenunua takataka na umeiita sanaa.

Kwanza, theluji gani Kitale?

Kuna wale watakwambia hii ni tabia ya wazungu, theluji si yetu, wacha kuiga. Wako na point, lakini ni nusu. Kitale iko juu kweli, karibu mita 1,900, na asubuhi ya Desemba unaweza kutoa mvuke mdomoni kama sufuria ya chai. Theluji lakini hakuna. Hata Mlima Elgon, ambao kilele chake cha Wagagai upande wa Uganda kimefika mita 4,321, hauna barafu ya kudumu. Sisi tunajua mvua ya mawe, ile inapiga mabati mpaka mnaacha kuongea.

Na hata hiyo iliwahi kuchanganya Wakenya. Septemba 2008 pale Busara, karibu na Nyahururu, mteremko mzima uligeuka mweupe na watu wakatoka mbio kucheza wakijua theluji imefika. Watu wa hali ya hewa wakaja wakasema poleni, ni mvua ya mawe madogo madogo imeshikana. Theluji feki, lakini furaha ilikuwa orijino.

Nusu ile ingine ndio watu husahau. Kutengeneza mtu na vitu za bure si kitu tumefunzwa na video. Nenda shamba lolote kutoka Kiminini mpaka Kamukuywa utapata sanamu ya kutisha ndege: gunia, fimbo mbili, shati la guka lililokataa kuisha. Snowman ni binamu ya huyo jamaa, tofauti ni ameoga na amevaa skafu. Watoto nao wamekuwa wakitengeneza gari za waya na mipira ya majuala tangu enzi. Kwa hivyo mikono tunayo. Shida inaanza pale mtu anaingia duka kununua vifaa vya kuonyesha vile yeye hanunui vitu.

Mzazi wa CBC anajua hii form kabisa. Kwa karatasi imeandikwa mtoto atumie vifaa vinavyopatikana mtaani. Kwa ukweli, saa mbili usiku mathe anatumwa manila, gundi na karatasi za rangi, na duka ni moja tu bado liko wazi. Ile homework ya sanamu ya kutisha ndege ilifanya wazazi walie mitandaoni, na 2021 kesi ya kupinga CBC ikafika mpaka High Court. Wengi hawakuwa wanachukia sanaa. Walikuwa wanauliza: mbona kitu ya bure inanitoa pesa?

Piga hesabu kama mtu ana Januari mbele

Tuchukue mfano, na bei ni za kukadiria tu. Tuseme umefuata ile video vile ilivyo: pamba, gundi, rangi, ribeni, macho ya plastiki. Ukitoka dukani na soo sita umeisha, shukuru. Hapo umepata pambo moja ya kukaa wiki tatu. Sasa zidisha na nyumba kumi za ploti yenu. Thao sita zimetoka mtaani zimeenda kwa vitu ambavyo vingi havijatengenezwa Bungoma, wala Kitale, wala Kenya.

Mimi college niliachia njiani, lakini hii hesabu haihitaji digrii. Januari 2026 ndio ile batch ya kwanza ya CBC iliingia Grade 10. Kuna nyumba hununua sanduku, godoro, uniform na vitabu kwa wiki moja. Hiyo soo sita ni kitu. Usiniambie ni ndogo. Ndogo ni ile yako ikiwa mfukoni kwa mwingine.

Takataka iko na mwenyewe

Hapa ndipo watu wengi wa mazingira hupotea, kwa hivyo kaa na mimi. Si kila kitu kimetupwa ni cha bure.

Ile chupa ya plastiki safi iko na bei. Kuna msee anaamka mapema kuliko wewe, anapita na gunia lake mtaani, anaokota chupa, makopo na chuma, halafu anauza kwa kilo. Kwa watu kama yeye hiyo ndio mboka. Sasa wewe ukichukua chupa tano, ukazibandika pamba na gundi ya moto, ukazimwagia unga wa kumetameta, umefanya nini? Umetoa kitu kilichokuwa na mnunuzi ukakifanya kitu ambacho hakina. Chupa tupu inaweza kuyeyushwa na kutengenezwa upya. Chupa yenye pamba, rangi na gundi huyo msee hawezi kuuza, na Januari inaenda dampo na heshima zake zote.

Karatasi ni hivyo hivyo. Trei ya mayai unayoiona ni karatasi kuukuu iliyolowekwa ikasagwa ikawa trei. Yaani tayari ni takataka ya awamu ya pili. Ukiipaka rangi ya mafuta na plastiki ya kumetameta, umeifungia safari.

Kwa hivyo sheria ya mtaa iwe hii: kabla uchukue kitu, jiulize kama kuna mtu angekinunua. Kama yuko, muachie, au mlipe. Kama hayuko, hiyo sasa ni mali yako ya snowman.

Gunia: huyu ndio snowman wetu

Sasa angalia bahati yenu, watu wa Trans Nzoia na Bungoma. Mavuno ya mahindi yanaanguka Oktoba mpaka Desemba. Saa hii nyuma ya nyumba nyingi kuna rundo la maganda na magunzi. Na kuna magunia meupe. Yale ya kilo 90 yaliyotoboka, hayawezi kubeba mahindi tena. Nyeupe tayari! Huhitaji rangi. Mungu alikupa mtu wa theluji na wewe uko dukani unauliza bei ya pamba.

Vile unamtengeneza:

1. Chukua gunia jeupe lililotoboka. Lioshe, ulianike likauke kabisa. Kama lilikuwa la mbolea, hiyo ya serikali ya kilo 50, lioshe mara mbili na watoto wakae mbali na hayo maji. Lenye maandishi, ligeuze ndani nje.

2. Lijaze maganda ya mahindi yaliyokauka. Kauka ya kweli, ile inapiga kelele ukishika. Yakiwa na unyevu yataoza ndani na utakuwa na snowman wa kunuka. Usiweke mahindi yenyewe wala pumba, isipokuwa unataka panya wahamie kwako Krisi.

3. Chini weka mawe mawili matatu au mchanga kwa mfuko wa nguo, ndio asianguke na upepo.

4. Funga kamba mahali pawili: kiuno na shingo. Tumia kamba ya katani au hata maganda yaliyosokotwa. Sasa una matumbo mawili na kichwa. Juu kusanya mdomo wa gunia, funga.

5. Macho na vifungo ni makaa, yaliyofungwa na uzi kupitia gunia. Pua ni ncha ya gunzi. Karoti itanyauka na mtoto ataila kabla ya tarehe 25. Mikono ni vijiti. Skafu ni fulana ya mtumba iliyokufa, kata kipande kirefu. Kofia ni sufuria iliyotoboka au kikapu kuukuu.

Umeona kitu? Hakuna gundi popote. Kila kitu kimefungwa, hakijabandikwa. Hiyo ndio siri yote. Kitu kilichofungwa kinafunguka.

Onyo moja la ukweli: maganda makavu yanashika moto haraka sana. Huyu jamaa akae nje au mlangoni, mbali na jiko na mshumaa. Stima ikipotea, na mnajua itapotea, usimuwekee mshumaa kando eti ang'ae kwa picha.

Kama keja yako ni singo

Najua si kila mtu ako na compound. Kuna msee wa Tuwan ama Kanduyi ambaye nyumba yake kitanda kinagusa jiko. Wewe fanya wa soksi. Kila mtu ako na soksi nyeupe iliyobaki moja, ingine ilienda na maisha yake. Ijaze mchanga mkavu au vumbi la mbao, ambalo fundi wa fanicha mara nyingi atakupa bure kwa sababu linamjalia karakana. Funga na uzi mahali pawili, kunja ile sehemu ya juu iwe kofia, shona vifungo viwili vya shati kuukuu. Dakika ishirini umemaliza. Anakaa juu ya redio kama landlord.

Na kwa homework ya mtoto, tengeneza wa karatasi. Karatasi zilizoandikwa pande zote, zile hata muuza mandazi hazitaki. Pika gundi: kikombe kimoja cha unga wa ngano, vikombe vinne vya maji, koroga motoni mpaka iwe nzito kama uji, weka chumvi kidogo isishike kuvu haraka. Finyanga karatasi ziwe mipira miwili, paka gundi, bandika vipande tabaka kwa tabaka, anika siku mbili tatu. Ukitaka weupe, paka chokaa. Mtoto amefanya mwenyewe, mathe amelala mapema, na mwalimu hana neno.

Je, inaweza kukuletea doo?

Sasa hii ndio swali kila kijana anauliza, na watu wa motivation watakudanganya. Wacha niwe straight.

Vifaa ni karibu bure, lakini muda wako si bure. Snowman wa gunia atakuchukua kama masaa matatu na kuosha na kuanika. Ukimuuza soo mbili, umejilipa kama shilingi 67 kwa saa. Linganisha na kibarua chako cha kawaida kabla hujaacha kazi ukaitwa mkurugenzi wa theluji. Na mtu hanunui kitu ambacho nyuma ya nyumba yake kuna vifaa vyake vyote.

Pale naona pesa ni kwa kukodisha. Salon, kibanda cha chips, hoteli ndogo, kanisa lenye sherehe ya watoto: hawa wanataka pambo wiki mbili, hawataki pa kuiweka Januari. Wewe unapeleka, unasimamisha, unalipwa, na baada ya sikukuu unakuja kuchukua. Snowman mmoja anaweza kufanya kazi mahali pawili patatu. Form ingine ni picha: mahali watu wanapita wakiwa wamevaa luku za Krisi, msimamishe, toza mbao kwa picha. Lakini ukisimama mjini jua kuna kanjo. Uliza kwanza ushuru ni ngapi, usingoje kuulizwa ukiwa umebebwa pamoja na mtu wako wa theluji.

Na serikali iko wapi kwa hii story?

Kuna wakati Kenya tulionyesha dunia tunaweza. Tarehe 28 Agosti 2017 majuala ya plastiki yalipigwa marufuku, na adhabu yake ikawa faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4 ama jela mwaka mmoja mpaka minne. Watu walisema haiwezekani. Ikawezekana. Juni 2020 ikaja ingine: plastiki za kutumia mara moja hazifai kuingia mbuga, fukwe na misitu iliyolindwa. Kwa hivyo ukienda Saiwa Swamp hapo karibu na Kitale kuona nzohe, ile chupa yako ya maji ya dukani haina ruhusa.

Halafu 2022 ikapitishwa sheria ya usimamizi endelevu wa taka, inayotaka taka itenganishwe: ya kuoza kivyake, isiyooza kivyake. Na chini ya Katiba ya 2010, kuzoa taka ni kazi ya kaunti. Kwa karatasi tuko fiti. Sasa toka nje uangalie pipa la ploti yenu. Maganda ya ndizi, pampas, chupa na majivu vimekaa pamoja kama abiria wa matatu ya mwisho. Wewe unaweza kutenganisha kwa jikoni, lakini kama gari moja linakuja na kuchanganya kila kitu, umefanya kazi ya bure. Hilo si swali la snowman, ni swali la kuuliza MCA wako akija na zile salamu zake za Krisi. Muulize: taka iliyotenganishwa inaenda wapi?

Na usiniambie kwetu haiwezekani kufanya kiwanda. Webuye iko hapo katikati ya Kitale na Bungoma. Pan Paper ilikuwa mji mzima: mishahara, shule, mpira. Ilifungwa 2009, na 2016 ikauzwa kwa kampuni ya familia ya Rai. Wazee wa Webuye watakupa pande zote mbili, kazi iliyokuwepo na ile harufu na moshi vilivyokula mabati ya watu. Somo nachukua ni hili: kitu kikitengenezwa bila mpango wa kile kinabaki, kuna mtu wa kando atalipa. Hiyo ni kweli kwa kiwanda kizima na ni kweli kwa pambo lako la mlangoni.

Tarehe 2 Januari

Mapambo mengi hupata shida hapa, kwa sababu video huisha tarehe 25. Hakuna mtu anakuonyesha vile anatupa.

Wako wa gunia unamfungua hivi. Kamba unaweka, utafunga kitu kingine. Makaa yanarudi jikoni. Gunzi linaenda nalo, linawaka poa. Maganda, kama yamebaki makavu na safi, ng'ombe wa jirani hatakataa. Yakishika kuvu usimpe mnyama yeyote, peleka kwa mbolea ya shamba, Machi mkipanda yatakuwa udongo. Vijiti ni kuni. Fulana inakuwa kitambaa cha kupiga deki. Gunia likiwa bado na nguvu litabeba kuni au majani, likiwa limechoka lifunge uliweke mpaka Desemba ingine. Wa soksi unamwaga mchanga tu. Wa karatasi, kama ni unga na chokaa peke yake, anaoza bila kusumbua mtu.

Sasa rudi kwa ile video. Yule wa pamba na gundi ya moto Januari anaenda wapi? Huwezi kumla, huwezi kumuwasha bila kuvuta moshi wa plastiki, huwezi kumuuza kwa kilo. Atakaa nyuma ya nyumba mpaka mvua ya Aprili imbebe kwa mtaro, na mtaro ukiziba maji yanaingia kwa nani? Si kwa yule aliyetengeneza video.

Kwa hivyo Krisi hii, kabla uingie duka, zunguka nyuma ya nyumba kwanza. Angalia rundo la maganda, angalia lile gunia mathe amekataa kutupa. Ita wadogo wako, wape kazi ya makaa na pua. Na ile soo sita iweke mahali utaikumbuka, kwa sababu Januari haina theluji lakini baridi yake mfukoni unaijua.